Bahasha ya Jaji Waki

Julai 2009, Kofi Annan, aliyekuwa mpatanishi wa Kenya kwa niaba ya Umoja wa Afrika, alimkabidhi Luis Moreno-Ocampo, kiongozi wa mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), bahasha iliyofungwa pamoja na masanduku sita ya nyaraka. Ndani ya bahasha mlikuwa na majina ya watu walioshukiwa kubeba lawama kubwa zaidi ya mauaji yaliyoitikisa Kenya mwanzoni mwa 2008. Ocampo aliifungua, akayasoma majina, akaifunga tena.

Miaka michache baada ya hapo viongozi wa Kenya walisimama Addis Ababa na New York kulalamika kwamba mamlaka ya taifa lao huru yanaporwa na mahakama ya kigeni. Malalamiko hayo yaliwagusa wengi, nami sidhani yalikuwa maneno matupu yote. Lakini bahasha ile haikuporwa na mtu. Wakenya wenye vyeo ndio walioipeleka Hague, hatua kwa hatua, na katika kila hatua palikuwa na njia ya kuirudisha nyumbani.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Jioni ya tarehe 30, Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi dhidi ya Raila Odinga, na giza likiwa linaingia Kibaki akaapishwa katika Ikulu ya Nairobi. Moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Siku ya Mwaka Mpya wa 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, familia za Wakikuyu zilizokuwa zimekimbia makwao zilijibanza katika kanisa dogo la Kenya Assemblies of God. Vijana walilizingira kanisa hilo wakalitia moto. Watu 17 waliteketea humo humo, wengi wao wanawake na watoto, na wengine wakafa kwa majeraha. Mwishoni mwa Januari zamu ya kulipiza kisasi ikafika Naivasha: katika mtaa wa Kabati watu 19 walifungiwa ndani ya nyumba moja wakachomwa, safari hii wakiwa Wajaluo. Kisumu, wengi walioanguka waliangushwa na risasi za polisi.

Hesabu ya mwisho ya tume ya uchunguzi ilikuwa watu 1,133 waliouawa. Kati yao 405 walikufa kwa kupigwa risasi, jambo lililoonyesha wazi mkono wa dola yenyewe. Mamia ya maelfu waligeuka wakimbizi wa ndani kwa ndani, wakalala katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, katika viwanja vya makanisa na kando ya vituo vya polisi. Nchi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imewapokea wakimbizi wa Sudan, Somalia na Rwanda, sasa ilikuwa inawagawia mahema watu wake yenyewe.

Annan alitua Nairobi tarehe 22 Januari kwa niaba ya Umoja wa Afrika, akiwa na Benjamin Mkapa na Graça Machel. Mazungumzo yalikwama mara kadhaa. Mwishoni Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuja mwenyewe kuusukuma mkokoteni, na tarehe 28 Februari Kibaki na Raila wakatia saini mapatano nje ya Jumba la Harambee. Waafrika ndio waliowapatanisha Wakenya, na sehemu mojawapo ya mapatano yale ilikuwa kuundwa kwa tume ya kuchunguza ghasia.

Tume hiyo iliongozwa na Philip Waki, Jaji wa Mahakama ya Rufani. Alikuwa na makamishna wawili, Gavin McFadyen wa New Zealand na Pascal Kambale, mwanasheria kutoka Kongo. Walikusanya ushahidi Nairobi, Naivasha, Nakuru, Eldoret, Kisumu na kwingineko. Mzee Waki alikuwa ameona tume nyingi za Kenya zikizaliwa na kuzikwa. Ripoti ya Akiwumi kuhusu mapigano ya kikabila ya miaka ya tisini ilikuwa imelala kabatini kwa miaka kabla ya wananchi kuisoma. Kwa hiyo alipokabidhi ripoti yake tarehe 15 Oktoba 2008 alifanya jambo ambalo hakuna tume ya Kenya iliyowahi kulifanya. Hakuyaandika majina ndani ya ripoti. Aliyatia katika bahasha na kumpa Annan, pamoja na sharti: Kenya iunde mahakama yake maalumu, ndani ya mipaka yake, kwa sheria zake, yenye majaji Wakenya na wageni. Ikishindwa, bahasha iende Hague.

Msomaji aliangalie sharti lile vizuri. Waki hakuiomba Hague iichukue kesi. Aliiweka Hague mlangoni kama askari wa zamu ili Nairobi isilale. Na ndivyo Mkataba wa Roma wenyewe ulivyopangwa. Mahakama ya Hague, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2002, ni mahakama ya akiba. Nchi ikichunguza na kushtaki kwa dhati, Hague haina ruhusa ya kuigusa kesi hiyo. Kenya iliutia saini mkataba huo mwaka 1999 na kuuridhia tarehe 15 Machi 2005, kwa hiari yake, bila meli ya kivita kutia nanga Kilindini. Uganda na Tanzania zilikuwa zimetangulia mwaka 2002.

Kibaki na Raila walikubaliana Desemba 2008 kwamba mahakama maalumu iundwe. Martha Karua, Waziri wa Sheria, akaupeleka bungeni mswada wa kuifanyia Katiba marekebisho ili mahakama hiyo isije ikapinduliwa na mahakama za kawaida. Marekebisho ya Katiba yalihitaji asilimia 65 ya wabunge wote. Tarehe 12 Februari 2009 kura zilipigwa. Waliounga mkono walikuwa 101, waliopinga 93. Mswada ukaanguka.

Siku ile ndiyo ninayoiona kuwa kitovu cha historia hii, ingawa vitabu vingi huipita mbio kuifuata mikasa ya Hague. Waliopinga hawakuwa na sababu moja. Wapo waliosema kwa moyo safi kwamba mahakama yoyote ya Nairobi ingetekwa na wakubwa, na ukiangalia rekodi ya mahakama za Kenya wakati huo huwezi kuwacheka. Mwaka huo huo wa 2009, Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia washtakiwa wanne wa kesi ya kanisa la Kiambaa. Jaji David Maraga aliulaumu uchunguzi wa polisi kwa ulegevu wake. Wengine waliopinga walipiga hesabu tofauti: Hague iko mbali, mambo yake huenda polepole, na huenda isifike kamwe. Kauli yao mitaani na bungeni ilikuwa moja, mambo yasizungushwe, yaende Hague. William Ruto, wakati huo Waziri wa Kilimo, alikuwa miongoni mwa waliosema hadharani kwamba Hague ndiko kunakofaa.

Hakuna aliyelitaja taifa huru siku hizo. Karua alijiuzulu Aprili. Julai baraza la mawaziri likaamua kwamba hakutakuwa na mahakama maalumu. Mbunge Gitobu Imanyara alijaribu tena kwa mswada wake binafsi baadaye mwaka huo. Wabunge hawakutimiza hata idadi ya kuujadili. Wakati huo bahasha ilikuwa imekwisha kufika Hague, na Novemba 2009 Ocampo akaomba idhini ya kuchunguza. Majaji walimpa tarehe 31 Machi 2010, wawili kwa mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kiongozi wa mashtaka wa mahakama hiyo kuanzisha uchunguzi kwa uamuzi wake mwenyewe, bila nchi husika kumwomba na bila Baraza la Usalama kumwagiza. Jaji Hans-Peter Kaul wa Ujerumani alipinga: aliona kwamba mauaji yale, pamoja na ukatili wake, hayakufikia kiwango cha uhalifu dhidi ya binadamu kama mkataba unavyoueleza.

Tarehe 15 Desemba 2010 Ocampo akawataja watu sita. Kutoka upande wa Raila walikuwa William Ruto, Henry Kosgey na mtangazaji wa redio Joshua arap Sang. Kutoka upande wa Kibaki walikuwa Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu, Francis Muthaura, mkuu wa utumishi wa umma, na Mohammed Hussein Ali, aliyekuwa Kamishna wa Polisi wakati wa ghasia. Wote walikana. Siku saba tu zilipita, na Bunge lile lile lililoitupa mahakama ya nyumbani likapitisha hoja ya kuitoa Kenya katika Mkataba wa Roma. Sasa neno uhuru wa taifa likatoka midomoni kwa wingi.

Kwa Mkenya, neno hilo lina uzito wa pekee, na lazima nilitendee haki. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953 na mahakama ya kikoloni. Hakimu Ransley Thacker alilipwa pauni 20,000 na serikali ya kikoloni kwa kazi hiyo, na Rawson Macharia, shahidi mkuu, alikuja kukiri baadaye kwamba alinunuliwa aseme uongo. Uhuru, mwanawe, alifika mbele ya majaji wa Hague kwa mara ya kwanza tarehe 8 Aprili 2011, miaka 58 kamili baada ya hukumu ya baba yake. Wafuasi wake hawakuhitaji kuelezwa maana ya tarehe hiyo. Aliyekulia Gatundu akisimuliwa Kapenguria atawezaje kuliona jumba la mahakama Ulaya, Mwafrika akiwa kizimbani, bila damu kumsisimka?

Tofauti ni kwamba waliokufa Kiambaa, Naivasha na Kisumu hawakuuawa na Mwingereza. Na Katiba mpya, iliyozinduliwa Agosti 2010 katika bustani ya Uhuru, inasema katika kifungu chake cha kwanza kabisa kwamba mamlaka yote makuu ni ya wananchi wa Kenya. Wenye mamlaka hayo ni pamoja na yule mama aliyezika mtoto wake akiwa majivu. Alipoikosa haki Nakuru, aliyempora mamlaka yake alikuwa nani?

Serikali ilipambana kwa njia zote halali. Kalonzo Musyoka, Makamu wa Rais, alizunguka miji mikuu ya Afrika mwanzoni mwa 2011 kutafuta uungaji mkono. Machi mwaka huo serikali iliiomba ICC iziachie kesi kwa kuwa Kenya ilikuwa na Katiba mpya na ingezichunguza yenyewe. Majaji waliuliza swali la kawaida kabisa: ni uchunguzi gani unaoendelea dhidi ya watu hawa sita, na umefikia wapi? Jibu la kuridhisha halikupatikana. Ombi likakataliwa Mei, na rufani Agosti. Mtu hawezi kudai kesi ambayo hajaifungua.

Arusha nayo ikaingia katika simulizi. Mji ule ulikuwa na uzoefu, kwani tangu 1995 ulikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na ni huko ambako Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari tarehe 2 Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa. Rwanda yenyewe iliiomba mahakama hiyo, kisha mwaka 1994 ikapiga kura ya kuipinga katika Baraza la Usalama, kwa sababu haikuwa Kigali na haikuwa na adhabu ya kifo. Aprili 2012 Bunge la Afrika Mashariki liliazimia kesi za Wakenya zihamishiwe Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha pia. Mahakama hiyo haina uwezo wa kusikiliza kesi za jinai. Mwaka uliofuata majaji wa kesi ya Ruto walipendekeza ufunguzi ufanyike Kenya au Tanzania ili walioathiriwa waone kwa macho yao. Kikao cha majaji wote wa ICC hakikuafiki. Mimi nahesabu uamuzi huo kuwa kosa la Hague. Mama wa Kiambaa angeweza kupanda basi hadi Arusha.

Nyumbani, kesi zilifanya jambo ambalo Ocampo hakulitarajia. Ruto na Uhuru, ambao jamii zao zilichinjana mwaka 2008, waliunda muungano wa Jubilee. Kampeni yao iliigeuza Hague kuwa kura ya maoni juu ya heshima ya Kenya, na Johnnie Carson wa serikali ya Marekani aliposema kwamba uchaguzi wa wananchi utakuwa na matokeo yake, aliwaongezea kura. Tarehe 4 Machi 2013 Uhuru alishinda kwa asilimia 50.07. Wiki iliyofuata Fatou Bensouda, aliyechukua nafasi ya Ocampo, akaiondoa kesi dhidi ya Muthaura baada ya shahidi muhimu kukiri kwamba alisema uongo. Kosgey na Ali walikuwa wameachiliwa tangu Januari 2012.

Kesi ya Ruto, sasa Naibu Rais, na Sang ilianza tarehe 10 Septemba 2013. Shahidi wa kwanza alikuwa mwanamke aliyenusurika ndani ya kanisa la Kiambaa. Aliketi nyuma ya pazia, sauti yake imebadilishwa kwa mitambo, jina lake likiwa namba tu, P-0536, akasimulia kwa Kiswahili jinsi kanisa lilivyotiwa moto. Kiswahili hakikuwa kigeni katika jumba lile. Mashahidi wa Ituri, Kongo, walikuwa wamekwisha kukizungumza humo katika kesi ya Thomas Lubanga, mtu wa kwanza kutiwa hatiani na ICC. Shahidi wa Kiambaa hajamaliza kusema, na tayari watu Kenya walikuwa wakilitandaza mtandaoni jina walilodhani ni lake. Jaji Chile Eboe-Osuji wa Nigeria ilimbidi aonye hadharani kwamba kumfichua shahidi ni kosa la jinai. Mwanamke aliyetoka katika moto wa mwaka 2008 alikuwa anawindwa upya kwa sababu alisema alichokiona.

Tarehe 21 Septemba magaidi walilivamia jumba la maduka la Westgate jijini Nairobi, na Ruto akaruhusiwa kurudi nyumbani kwa muda. Tangu hapo hoja ya Kenya ilipata nguvu mpya: rais na naibu wake hawawezi kuwa kizimbani nchi ikiwa vitani. Oktoba, mkutano maalumu wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa ulitamka kwamba kiongozi wa nchi aliye madarakani asishtakiwe mbele ya mahakama yoyote ya kimataifa. Huko Uhuru aliiita ICC kitu cha kuchezea cha madola ya kibeberu yanayofifia. Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama lilipigia kura ombi la kuahirisha kesi. Nchi saba, Rwanda ikiwemo, ziliunga mkono, nane hazikupiga upande wowote, na ombi likakosa kura mbili.

Lipo la kweli katika shutuma zile. Marekani, Urusi na China hazimo katika Mkataba wa Roma, lakini zina viti vya kudumu na kura ya turufu katika Baraza linaloweza kupeleka kesi za wengine Hague au kuziahirisha. Hadi Januari 2016, uchunguzi wote rasmi wa ICC ulikuwa Afrika. Lakini Uganda ilipeleka yenyewe kesi ya waasi wa LRA mwaka 2003, Kongo ikapeleka ya kwake mwaka 2004. Rais Museveni wa Uganda, aliyeiita mahakama imshughulikie Kony, kiongozi wa waasi hao, ndiye aliyeipiga vijembe siku Uhuru alipoapishwa. Mahakama ilikuwa ya haki ilipomfuata mwasi msituni, ikawa ya wakoloni ilipogonga mlango wa Ikulu.

Majaji walimtaka Uhuru afike mwenyewe. Tarehe 6 Oktoba 2014 alilihutubia Bunge, akamkabidhi Ruto madaraka kwa muda chini ya kifungu cha 147 cha Katiba, akasema anakwenda kama raia ili uhuru wa Wakenya milioni 40 usiwekwe kizimbani pamoja naye. Tarehe 8 aliketi mbele ya majaji, rais wa kwanza aliye madarakani kufanya hivyo, na wakili wake Steven Kay akasema kwa niaba yake. Nampa sifa kwa kwenda, kwani Omar al-Bashir, aliyekuwa rais wa Sudan na aliyetakiwa na mahakama hiyo hiyo, hakuwahi kwenda. Lakini kilichojadiliwa siku hiyo kilikuwa rekodi za simu, benki, ardhi na magari ambazo Bensouda alikuwa akiziomba serikali ya Kenya bila kuzipata. Kuketi Hague kwa mwili na kuzizuia rekodi Nairobi ni mambo mawili yasiyopatana. Mwaka 2016 majaji walitoa uamuzi kwamba serikali haikushirikiana kama ilivyopaswa.

Kesi ya Uhuru iliondolewa tarehe 5 Desemba 2014 kwa kukosa ushahidi. Ile ya Ruto na Sang ilisimamishwa tarehe 5 Aprili 2016, baada ya mashahidi 30 wa mashtaka, kwa kura mbili dhidi ya moja. Eboe-Osuji aliandika kwamba kesi ilichafuliwa na kuingiliwa kwa mashahidi na uchochezi wa wanasiasa, hivyo haikuwa sawa kuwatangaza washtakiwa kuwa wasio na hatia. Wangeweza kushtakiwa tena siku za mbele. Waendesha mashtaka nao walikuwa wamejenga nyumba kwa matope mepesi, wakategemea mashahidi wachache waliosikia kutoka kwa wengine. Vibali vya kuwakamata Wakenya watatu kwa tuhuma za kuwahonga mashahidi havikutekelezwa na serikali ya Kenya. Tarehe 27 Novemba 2023 ofisi ya kiongozi wa mashtaka ilitangaza kwamba imefunga uchunguzi wake juu ya Kenya.

Kwa hiyo hakuna kiongozi hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa vifo vya watu 1,133, si Hague wala Nairobi. Machi 2015 Uhuru aliomba radhi bungeni kwa niaba ya dola na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafidia waathiriwa. Maelfu ya mafaili ya polisi yalikuwa yamepitiwa na kuwekwa kando kwa madai ya upungufu wa ushahidi. Hague sasa imeondoka, na hakuna tena wa kulaumiwa ng'ambo. Kosa la kuua halina ukomo wa muda katika sheria za Kenya, na kifungu cha 157 cha Katiba kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kufungua kesi bila idhini ya mtu yeyote. Wabunge na mawaziri waliolilia mamlaka ya Kenya kwa miaka mitano wanayo yote mikononi. Wamtake Mkurugenzi ayafungue mafaili hayo, akianza na lile la Kiambaa.